Kahawa Ikiwa Ua, Daktari Akiwa Mwaka wa Kwanza

Hakuna jambo linaloweza kunishangaza mimi. Nimekaa Tunduma miaka ya kutosha. Nimeona lori likiungua mchana kweupe huku dereva wake anakula ugali hotelini, hana habari. Nimeona kwacha ya Zambia ikibadilika bei kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana, na watu wazima wakalia kama watoto. Nimeona mtu aliyelala tajiri akaamka anaomba nauli ya kurudi kwao. Sikushtuka hata mara moja. Nikiambiwa kesho kwamba mpaka wa nchi umehamishiwa sebuleni kwangu, nitauliza tu viti viwekwe wapi.

Shule niliiacha darasa la tano, kule Isansa, Mbozi. Msomaji akiona mahali nimepotea katika kuandika, anisamehe, ila akumbuke kwamba nyumba ninayoandikia ni ya ghorofa na niliijenga bila kukopa benki.

Kazi iliyonitoa ni kununua kahawa ikiwa ua. Mvua za kwanza zikinyesha kule Mbozi, mibuni inavaa nyeupe kwa siku chache, na shamba zima linanukia kama nyumba ya bibi harusi. Wakati huo mkulima hana kitu mfukoni, na mavuno yako mbali. Mimi nafika. Zamani nilifika kwa miguu, baadaye kwa pikipiki, sasa kwa gari. Natembea kati ya miti, mikono nyuma, naangalia, halafu nasema: hapa patatoa magunia kadhaa. Nalipa siku hiyo hiyo, kwa bei yangu, na msimu ukifika mzigo ni wangu. Chama cha ushirika hakiipendi biashara hii, serikali nayo haipendi, na mimi sijawahi kuwaomba waipende.

Wengi walijaribu kuniiga wakafilisika, kwa sababu walikuwa wanaangalia maua. Maua yanadanganya. Mti uliovaa maua mengi kwenye matawi matupu unajiua wenyewe. Utazaa punje nyepesi, mapepe matupu, halafu tawi litakauka kutoka nchani kurudi nyuma, na mwaka unaofuata unakata kuni. Mimi naangalia majani yaliyo nyuma ya maua. Majani yakiwa mengi, mazito, ya kijani kibichi, hapo natoa hela.

Hilo nilifundishwa na mzee mmoja wa Isansa. Ndiye aliyeniuzia miti yangu ya kwanza, nikiwa sina hata viatu vya kamba, na nusu ya malipo alikubali kuisubiri. Alinishika mkono akanipitisha mti kwa mti. Aliniambia, "Mwanangu, ua ni la nyuki. Wewe tazama jani." Tangu siku ile sijakosea sana. Ningeweza kutembea shambani kwako leo nikakuambia utavuna nini, na ukasema mimi mchawi.

Kwa hiyo binti yangu wa kwanza alipomaliza kidato cha sita na matokeo yakatoka mazuri ya kupigiwa makofi, fizikia, kemia, baiolojia, zote juu, mimi nilishajua atakuwa daktari. Yeye alikuwa anasema mambo ya ualimu. Nilimwambia ualimu ni kazi nzuri, afanye rafiki yake. Alicheka. Ni mtoto wa kucheka na kukubali, hajawahi kunikatalia kitu tangu azaliwe, na mimi nililihesabu hilo kama sifa.

Tulimfanyia sherehe Isansa, nyumbani kwa wazee. Ng'ombe alichinjwa, muziki ukaja kutoka Vwawa. Kuanzia siku ile nilipoteza jina. Nikawa Baba Daktari, mke wangu akawa Mama Daktari, na mtoto ambaye alikuwa hajaingia darasani hata dakika moja akawa Daktari. Hata Wazambia wanaonunua mahindi ghalani kwangu walibadilika. "Mukwai, Baba Daktari," wananiambia kwa heshima ya kwao, "leo bei gani kwa ndugu zako?" Nawapunguzia kidogo. Jina lile lilikuwa tamu.

Nilimpeleka chuoni mwenyewe, na mke wangu, safari ya kutwa nzima. Siku ya kupokea wanafunzi wapya kulikuwa na mhadhiri mmoja, mwanamke kijana mwenye miwani, anafanya utafiti. Alitaka kujua mapema, katika hao wa mwaka wa kwanza, nani atavuka kwenda wa pili na nani ataishia njiani. Alisema wote wanaingia na alama nzuri, na bado kila mwaka wengine wanaanguka, kwa hiyo alama peke yake hazisemi. Alikuwa anawauliza na wazazi walioridhia. Mimi niliridhia haraka. Mtu akitaka kujua habari za kutabiri, anakwenda kwa nani tena?

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, daktari."

"Nani alichagua udaktari, yeye au nyinyi?"

"Nilichagua mimi, yeye akakubali."

Akaandika. "Na nyumbani ana majukumu yoyote? Watu wanaomtegemea, kazi za familia?"

"Mwanangu? Huyu hata ndoo hajabeba. Kazi yake ni kitabu."

Mke wangu alikohoa. Nilimtazama akanyamaza.

"Sasa zamu yangu," nikasema. "Wewe na karatasi zako, niambie. Huyu mtoto wangu atafaulu?"

Yule mhadhiri alitabasamu. "Mzee, kwa mtoto mmoja siwezi kusema. Naweza kusema katika mia, wenye hali fulani wanafaulu zaidi ya wenye hali nyingine. Mmoja mmoja hatujui."

"Basi wewe huwezi kununua kahawa. Mimi nasema kwa mti mmoja mmoja, na nalipa hela siku hiyo hiyo."

Alicheka, akaweka kalamu chini, akaniomba nimweleze. Nikamweleza habari ya maua na majani, taratibu, kama nilivyofundishwa. Alinisikiliza vizuri sana, sikatai. Halafu akauliza, "Na kwa mwanafunzi, mzee, majani ni nini?"

Nikajipiga kifua. "Majani ni huyu hapa."

Wazazi wengine walicheka kwa heshima. Binti yangu alikuwa anatazama viatu vyake.

Chuo kinafunguliwa wakati ule ule kahawa inapochanua, na sisi tulitoka chuoni moja kwa moja kwenda Mbozi kazini. Mwaka ule nilikuta mshindani. Kijana wa juzi kutoka Mbeya, ana gari jipya na hela ya benki, anaongeza bei kila ninapopita. Wakulima wangu wa miaka yote walianza kuzungusha maneno. Nilikwenda kwa yule mzee wa Isansa, mwalimu wangu, nikamkuta amekaa barazani na koti lake la mvua.

"Mwanangu," akasema, "yule kijana kaongeza elfu kumi kwa kila gunia. Mimi ni mtu mzima, nina magoti mabovu, elfu kumi nazipenda."

"Mzee, elfu kumi zitakupima presha?"

"Hazijui kupima."

"Yule kijana ana daktari nyumbani kwake?"

"Hana, nadhani."

"Mimi ninaye. Ukiniuzia mimi, unapewa namba ya daktari. Usiku, mchana, unapiga, anakujibu kwa Kinyiha chetu. Hutakaa kwenye benchi la zahanati na watoto wanaolia."

Mzee alicheka mpaka akashika ubavu. "Hapo umenipiga," akasema. Macho yake hayakuwa yanaona vizuri kwenye simu, kwa hiyo nilichukua mkaa jikoni nikaiandika namba ukutani, kando ya mlango, tarakimu kubwa kama za nyuma ya lori. Akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, akaridhika.

Baada ya hapo nilifanya hivyo kila shamba. Huyu namba, yule namba. Isansa yote, na vijiji vya jirani, na hata wafugaji wa kule Ndalambo wanaoniuzia ufuta walisikia wakaitaka, nikawapa. Yule kijana wa Mbeya aliondoka na gari lake jipya bila mzigo wa maana. Nilijisifu sana. Nilimsimulia kila mtu ghalani, mpaka wapagazi wakawa wanamaliza hadithi kabla yangu.

Binti yangu alipiga simu baada ya majuma machache.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Daktari."

"Baba, watu wanapiga sana."

"Wanakuheshimu."

"Wanapiga nikiwa darasani. Mwingine amepiga saa tisa za usiku, ng'ombe wake hali majani. Baba, mimi bado nasoma mifupa."

"Mifupa ndiyo inayowauma."

Alicheka, yule mtoto wa kucheka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nikizima simu nasikia vibaya. Wazee wenyewe nawajua. Wengine walikula kwenye sherehe yangu."

"Basi usizime."

Ndivyo nilivyomwambia, na kwa mawazo yangu ya siku ile nilikuwa nimemaliza tatizo. Mke wangu alikuwa amekaa kando yangu anachambua maharage. Alisema, "Mtoto kachoka. Umesikia sauti yake?" Nikamwambia sauti ya simu ndivyo ilivyo.

Mitihani ya nusu ya kwanza alipita kwa shida. Alama zake zilikuwa za chini kabisa tangu aanze shule, na mimi nilisema gari likianza kupanda mlima lazima lipunguze mwendo. Alipokuja likizo fupi alikuwa amekonda, na alikuwa na tabia mpya: simu ikilia ya mtu yeyote, hata ya dada wa kazi, mkono wake unaruka. Alikuwa anakula na simu kando ya sahani. Nilisikia akimwambia mama mmoja kwa Kinyiha, pole pole, kama anayembembeleza mtoto, "Mama, mimi sijafika huko. Nenda zahanati. Tafadhali nenda leo." Halafu akakata simu, hakumaliza chakula.

Mitihani ya mwisho wa mwaka ilianza wakati wa mavuno, Julai, na Mbozi Julai ni baridi ya kuingia kwenye meno. Nilikuwa ghalani napokea mzigo nilipoambiwa yule mzee wa Isansa amefariki. Nilipakia magunia mawili ya mchele na turubai kubwa, nikaondoka saa hiyo hiyo. Mimi msibani siendi mikono mitupu, na kwa mzee yule ningeuza hata gari.

Wanaume walikuwa wamekaa nje, wamezunguka moto. Walinipisha kiti. Niliingia kwanza ndani kumpa mkono mjane. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka na wanawake wenzake, khanga imefungwa kiunoni.

"Pole sana, mama."

"Asante, Baba Daktari. Tumeshapoa." Akanitazama. "Alikuwa anamngoja daktari."

"Daktari wa zahanati alichelewa?"

"Hapana. Wa kwako."

Alisema bila ugomvi wowote, kama mtu anayemwonyesha mgeni maji ya kunawa yalipo.

"Kifua kilimbana asubuhi," akaendelea. "Akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena, na tena. Vijana wakaleta bodaboda mpaka hapo mlangoni, wakamwambia babu panda twende zahanati. Akasema, ngojeni, mtoto yuko darasani, akitoka atapiga, yeye anajua. Akakaa hapo, simu mkononi. Mchana akalala. Hakuamka."

"Jioni alipiga kweli," mjane akasema. "Nilipokea mimi. Akasema, bibi, nilikuwa kwenye mtihani tangu asubuhi, simu tunaacha nje. Babu anaendeleaje? Halafu akasikia. Akaniuliza, bibi, ni nani analia? Nikamwambia, mjukuu wangu, usijali, umechelewa kidogo tu."

Nilipotoka niliiona ile namba ukutani kando ya mlango. Mkaa ulikuwa umefifia mahali ambapo mzee alikuwa akipitisha kidole anaposoma, na mtu alikuwa amezirudia tarakimu kwa mkaa mpya ili zisomeke. Watu wananijua kama mtu wa maneno. Siku ile nilikaa kwenye kiti changu mpaka mazishi, na kwenye chakula nilipakuliwa nikamwachia jirani.

Asubuhi iliyofuata simu ile ya jioni, binti yangu alikuwa na karatasi ya anatomia. Aliingia. Aliandika namba yake ya mtihani, akakaa saa zote na kalamu mkononi, akatoka. Hili hakuniambia yeye, niliambiwa baadaye. Akaanguka masomo mawili. Septemba wakampa nafasi ya kurudia mitihani, moja akavuka, la pili likamshinda. Wanafunzi wana neno lao, kudisko. Maana yake ni kwamba chuo kimekushika mkono kimekutoa nje. Binti yangu aliliandika kwenye ujumbe wa simu kwa mama yake, neno moja, "Nimedisko." Mke wangu alidhani ni muziki, akaniletea simu nimsomee.

Nilikwenda kumchukua. Nilipokuwa napakia sanduku lake, yule mhadhiri wa miwani alikuja mbio kutoka kwenye jengo, akanisalimia, akanipa pole kama ya msiba.

"Mzee, sikutegemea," akasema. "Kwenye utafiti wetu alikuwa kwenye kundi la wanaotarajiwa kufaulu. Alama nzuri, anasomeshwa na nyumbani, hana majukumu."

"Kumbe na wewe unakosea."

"Katika mia, mzee, lazima wawepo wachache."

"Hao mia ni wako. Mimi nilikuwa na mmoja."

Akauliza, kwa upole sana, kama kulikuwa na kitu ambacho hakikusemwa siku ile ya maswali. Nilimwambia hakuna. Binti yangu alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, anasikia. Akafungua mlango akaingia.

Safari nzima simu yake ililia. Waliopiga hawakuwa wamesikia kwamba kadisko, na hata wangesikia sidhani kama ingesaidia. Mtu wa kwanza, magoti. Wa pili, mtoto ana homa. Wa tatu alitaka kujua kama dawa ya mifugo inaweza kumfaa mtu. Kila mmoja alimsalimia, na kila mmoja binti yangu alimjibu, "Nenda zahanati leo, usingoje mtu. Umenisikia? Usimngoje mtu yeyote." Nilitaka kumwambia azime. Nikakumbuka ni mimi niliyemwambia asizime, nikawasha redio.

Nyumbani alikaa wiki chache bila kutoka chumbani. Siku moja nilianza kusema mezani kwamba utabiri wangu haukuwa mbaya, kwamba mtoto alikuwa na akili ya kutosha, kwamba ua lilikuwa zuri. Mke wangu aliweka kijiko chini.

"Ua lilikuwa zuri," akasema. "Na yule mwalimu alikuuliza majani ni nini, ukajipiga kifua."

Alisema hilo mara moja tu. Sijawahi kumsikia akilirudia, na tangu siku ile sijamaliza chakula pale mezani bila kulisikia.

Sasa binti yangu yuko Galula, kwa shangazi yake. Ana kibanda cha kuuza chakula kwa wachimbaji wadogo, asubuhi chapati na maharage, mchana ugali. Anakwenda sokoni kwa bodaboda kama kila mtu. Shangazi yake anasema ni mwepesi kazini, ila hacheki ovyo. Mchimbaji akikatwa na sururu anamfunga kitambaa, halafu anamwitia pikipiki yeye mwenyewe na kumsimamia mpaka apande.

Mvua zimenyesha tena. Mbozi imevaa nyeupe. Juzi nilikuwa shambani, mikono nyuma, natembea, na nilijikuta natazama mti mmoja muda mrefu bila kuweza kusema utatoa nini. Mkulima alisubiri, mwisho akasema, "Baba Daktari, mbona mtoto hapatikani? Kila nikipiga, simu inakataa."

"Yuko masomoni," nikamjibu. "Mwaka wa pili mgumu."

"Haya. Msalimie."

Nikasema nitamsalimia. Ukweli ni kwamba siku ya pili tu alipofika Galula alinunua laini mpya, na akamwomba mama yake asinipe namba. Mama yake hanipi. Nikitaka kumsalimia nasubiri mke wangu awe amemaliza, ananipa simu, nasikia "Shikamoo baba," nasema "Marahaba," na hapo tunakuwa tumemaliza.

Wafanyabiashara wenzangu hapa mpakani huniuliza, kwa kuwa wanajua mimi ni mtu wa hesabu, masomo ya daktari yanagharimu kiasi gani. Nimejumlisha mwenyewe, bila mashine: ada, hosteli, vitabu, ng'ombe na muziki wa sherehe, mchele na turubai la msibani, mafuta ya gari kwenda na kurudi, na hiyo laini ya Galula ambayo mama yake alimtumia hela kutoka mfukoni mwangu. Ni shilingi milioni tisa, laki nane, elfu sabini na nne na mia tano.